Siku Niliyowapima Mapigo Akina Mama wa Maombi

Sijui nianzie wapi bila kuona haya, kwa hivyo wacha niseme yote kwa mara moja: mimi, Mama Kamau, mjane wa miaka sitini na mbili, mwenye ng'ombe watatu na shamba la viazi hapo juu ya Molo, mwanamke ambaye kanisani huombwa kufungua mkutano kwa maombi, nilisimama sebuleni mwangu mbele ya akina mama kumi na wanne nikawapigia kelele kwamba wamelishwa sumu. Hawakuwa wamelishwa chochote isipokuwa chai na mandazi. Na aliyepika chai hiyo ni mke wa mwanangu, ambaye alikuwa amesimama pale pale na trei mkononi. Ukitaka kucheka, cheka sasa, kwa sababu huko mbele kuna mahali ambapo mimi mwenyewe siwezi kucheka hata leo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku, na sikuanza jana. Nikipeleka maziwa pale barabarani yanapokusanywa, nasimama nikiutazama mzani mpaka karani ananiuliza kama nataka kuununua. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mimi naweza kumshuku hata jogoo kwamba amewika kabla ya saa. Basi Kamau alipomleta Nyambura kutoka Ndabibi, msichana mwembamba, mpole, mwenye kuongea maneno matano kwa siku, wenzangu walinipongeza kwamba nimepata binti, na mimi nikaitikia asante huku nikijiuliza anafikiria nini wakati wote huo amenyamaza. Kamau ni dereva wa lori la mboga, wiki yote yuko barabarani, kwa hivyo nyumbani tulibaki wawili, mimi na huyo mnyamavu. Na alikuja na chupa ya unga fulani wa kahawia, chupa isiyo na jina wala picha, na kila akipika chai alitia kidogo (nilimwona kwa macho yangu, kupitia ufa wa mlango wa jikoni, na tafadhali msiniulize nilikuwa nafanya nini kwenye ufa).

Sasa, wakati tulipokuwa tukipalilia viazi, moyo wangu ukaanza vituko. Kila asubuhi nilikuwa nabeba mtungi wa maziwa nikipanda kile kilima mpaka barabarani, halafu narudi nakaa, Nyambura ananiletea chai, na nikishapiga mafunda mawili matatu nausikia moyo unarukaruka kama kuku aliyefungiwa kwenye gunia, unakimbia, unasimama kidogo, unakimbia tena. Pumzi nayo ikawa fupi, mpaka kwenye kilima nilikuwa nasimama njiani nikijifanya ninaukagua ua wa jirani. Jioni miguu inavimba, gambuti hazitoki bila vita. Maumivu sikuwa nayo hata kidogo, na hilo ndilo lililonidanganya, kwa sababu mimi nilijua moyo ukiugua lazima mtu ashike kifua na kuanguka. Kwa hivyo nikafanya hesabu zangu: chai inaingia, moyo unaruka. Kwamba nilikuwa nimetoka kupanda mlima na mtungi wa maziwa mgongoni, hilo sikulitia kwenye hesabu.

Jumatatu moja Nyambura akanitazama, akasema, "Mama, unapumua vibaya. Twende kliniki."

Nikajiuliza, huyu amejuaje? Lakini nikaenda, maana kukataa kungemwonyesha kwamba nimemshtukia.

Daktari wa kliniki ya pale senta, kwenye maduka yetu, ni kijana mdogo, lakini alinishika mkono kwa vidole vyake akitazama saa, akashika na ule mwingine, akaweka kile chombo chake kifuani akasikiliza muda mrefu. Akaniuliza kama kifua kinabana, nikasema hapana. Kama nimewahi kuzirai, hapana. Kama pumzi inakatika nikiwa nimekaa tu, hapana, ni kwenye kilima peke yake.

"Mathe, nisikize vizuri," akasema. "Hii si ya kukimbizwa na ambulensi saa hii. Lakini pia si ya kungoja mpaka viazi vivunwe. Moyo wako unapiga bila mpangilio. Kesho, ukichelewa sana kesho kutwa, uwe umefika Nakuru upimwe na mashine ya moyo na uanzishiwe dawa. Na kabla ya hapo, kifua kikikubana, ama uzirai, ama ukose pumzi ukiwa umekaa, ama mdomo uende upande, ama mkono ulegee, usingoje kesho tena. Hapo ni dakika hiyo hiyo."

Akaandika barua, akanipa.

Mimi katika maisha yangu nilijua magonjwa ya aina mbili: yale ya kubebwa kwenye blanketi watu wakilia, na yale ya kunywa maji moto na kulala mapema. Kitu cha katikati sikukijua. Kama si haraka, kwa nini iwe kesho? Na kama ni lazima iwe kesho, kwa nini isiwe sasa? Mtu anayesema maneno mawili namna hiyo, nikajiambia, kuna jambo anaficha. Na tulipokuwa tunatoka, Nyambura alirudi mlangoni, akaongea na yule daktari kwa sauti ya chini, wote wawili wakitikisa vichwa kama watu waliokubaliana.

"Mlikuwa mnaongea nini?" nikamuuliza njiani.

"Nilikuwa nauliza chakula chako. Na akasema nihakikishe umefika Nakuru."

Hapo ndipo nilipoona picha yote (picha niliyoichora mwenyewe, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye). Hati ya shamba iko kwenye sanduku chini ya kitanda changu. Mimi nikishapelekwa Nakuru, nani anabaki na sanduku? Nikafanya uamuzi mmoja mdogo tu: barua ya daktari nikaikunja mara nne nikaificha ndani ya pipa la unga, nikasema siendi popote mpaka nijue ukweli wa ile chai.

Jumanne asubuhi Nyambura akaja amevaa koti. "Mama, ni leo."

"Namngoja Kamau."

"Kamau anarudi Jumamosi."

"Basi ni Jumamosi."

Jumatano akaja tena na koti lake, nikamwambia mguu unauma. Mchana nikamsikia nyuma ya zizi akiongea na simu kwa kunong'ona, "Mama yako hataki kwenda, nimejaribu, hataki," na mimi, badala ya kusikia mtu mwenye wasiwasi, nikasikia mtu ambaye mpango wake umekwama. Na tangu Jumanne nilikuwa nimeacha kunywa chai yake, nilikuwa namwagia mbwa kwenye bakuli lake Nyambura akishageuka. Mbwa alikuwa anafurahi sana, hata akaanza kunifuata kila mahali. Moyo wangu uliendelea kuruka vile vile, chai au hakuna chai, na mtu mwingine yeyote angeshtuka hapo, lakini mimi nilisema sumu imeshaingia kwenye damu.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu kuwapokea akina mama wa maombi. Sisi tunazunguka nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba lazima atoe chai, na aliyepewa chai lazima amalize kikombe maana kuacha ni kumtukana mwenyeji. Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Hawa kumi na wanne watakunywa chai ya Nyambura, na mimi nitawapima mioyo kama nilivyomwona daktari akifanya, na nitakuwa na ushahidi. (Ndiyo, najua. Niliwaacha wanywe kitu nilichoamini ni sumu, marafiki zangu wa miaka thelathini. Nilijiambia sumu kidogo haimuui mtu aliyeokoka.)

Wakaja, wakajaa sebuleni, wakanywa, wakasifu. Mama Pasta akaomba aongezewe. Mimi nilikunywa maji moto nikisema tumbo halijatulia. Halafu tukasimama duara tukashikana mikono kwa maombi, Mama Pasta kulia kwangu, Mama Shiku jirani yangu kushoto, macho yamefungwa yote isipokuwa yangu. Nikaukamata mkono wa Mama Pasta pale kwenye kifundo, nikabana kwa nguvu na kidole gumba changu, nikasikiliza. Jamani. Chini ya kidole nikausikia moyo unakimbia, unaruka, unanyamaza, unakimbia. Ule ule! Nikamtazama, anaomba huku anatabasamu, hajui kilichomo mwilini mwake. Nikabana mkono wa Mama Shiku, nao vile vile.

Tulipotamka amina nilianza kuzunguka nikiwasalimia mmoja mmoja, nawashika mikono yote miwili, nabana gumba, nahesabu moyoni.

"Leo Mama Kamau ana upendo," Mama Pasta akasema, na wengine wakaitikia kweli, kweli.

Wote kumi na wanne walikuwa hivyo hivyo, hata ile kusimama kwa moyo ilikuwa inafanana. Mtu mwenye akili zake angejiuliza wanawake kumi na wanne wamepataje moyo mmoja. Mimi nilisema kumbe huyu msichana alipima sawasawa, kila kikombe kijiko kimoja. Na kwa ule woga, na kwa kuzunguka, moyo wangu ukazidi kuchachamaa, na kadiri ulivyozidi ndivyo nilivyowaona wao wanazidi kuharibika, mpaka nilipomfikia wa mwisho sikuweza tena kujizuia.

"Wekeni vikombe chini!" nikapiga kelele. "Mmelishwa sumu! Huyu ametulisha sumu!"

Nikamwonyesha Nyambura kwa kidole.

Mkitaka kujua akina mama wa maombi wanaweza kukimbia, wanaweza. Mama Shiku alitoka mlangoni akaingiza vidole kooni na kutapika kwenye maua yangu. Mwingine akasema dawa ya sumu ni maziwa mabichi, wakaenda jikoni wakanywa maziwa yote ya jioni, wengine kwa vikombe, wengine kwa mfuniko wa sufuria. Mmoja alilala sakafuni akaanza kuaga watoto wake kwa majina, na ana watoto tisa. Mama Shiku, akishajipangusa mdomo, akapiga simu kwa ambulensi: "Haki kujeni haraka! Ni watu kumi na nne, tunakufa, tunakufa wote!" Mama Pasta peke yake alibaki kwenye kiti, akitazama kikombe chake cha pili.

Nyambura hakukimbia. Aliweka trei chini polepole, akafungua thamosi, akamimina kikombe, akanywa. Akamimina kingine, akanywa, chai inamchoma lakini anaendelea, machozi yanateremka, na chai ilipoisha akaenda jikoni akaleta ile chupa isiyo na jina akajaza kijiko cha ule unga akaumeza mkavu, akakohoa mpaka tukadhani ataanguka.

"Ni tangawizi," akasema alipopata sauti. "Tangawizi, mdalasini na pilipili manga. Mama yangu ndiye hunitwangia. Nilikuwa nafikiria unaipenda."

Hapa ndipo nilipowaambia sicheki. Mimi nilitamani sakafu ya nyumba niliyoijenga mwenyewe ipasuke niingie.

Ndipo akafika Sista Wairimu, nesi wetu mstaafu, mwanakikundi vilevile, ambaye alikuwa amechelewa kwa sababu ng'ombe wake alikuwa anazaa. Akaingia na matope yake, akawatazama waliolala na waliosimama, akasema, "Kwani nini hii?" Akaelezwa na watu sita kwa pamoja. Alienda kwa mmoja mmoja, anaweka vidole viwili, anatazama saa, anaenda kwa mwingine.

"Hawa wote wako sawa," akasema. "Wanakimbia kidogo kwa woga, lakini sawa. Nani alisema ni wagonjwa?"

Wote wakanitazama.

"Niliwapima," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imebaki ndogo.

"Ulipima na kidole gani?"

Nikamwonyesha gumba.

Sista Wairimu akaichukua ile thamosi tupu akaniwekea mikononi. "Ishike vile ulishika watu. Bana na hilo gumba. Sasa niambie, inapiga?"

Nikabana. Ndugu zangu, thamosi ilikuwa inapiga. Ilikimbia, ikaruka, ikanyamaza, ikakimbia tena.

"Gumba lina mshipa wake," akasema. "Mtu akipima na gumba anajisikia mwenyewe. Mama Kamau, hao kumi na nne wote ulikuwa unapima ni wewe."

Mtu mmoja akacheka, nadhani ni yule wa watoto tisa, ameinuka sakafuni sasa, halafu wakacheka wote, kicheko cha watu waliotoka kaburini, na mimi sikuweza hata kukasirika. Lakini Sista hakucheka. Alikuwa ameshanishika mkono kwa vile vidole viwili na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hii imeanza lini? Ulienda kliniki? Waliandika nini?"

Nikaenda kwenye pipa la unga mwenyewe, mbele ya wote, nikaingiza mkono mpaka kiwiko nikatoa barua. Akaikung'uta, akaisoma, akaangalia tarehe.

"Kesho, ama kesho kutwa. Imeandikwa hapa. Na leo ni Alhamisi." Akavua miwani. "Mama Kamau, moyo ukitetemeka hivi damu inaweza kugandia ndani, na hiyo damu ikienda kichwani, unaamka asubuhi huwezi kuongea. Wewe ulikuwa unangoja nini?"

Nikaanza kujipangusa unga kwenye kiwiko, huku Nyambura ananitazama.

Na wakati huo huo ambulensi ikaingia kwa kelele zake zote, kuku wanaruka, nusu ya kijiji inakimbia nyuma yake. Dereva akashuka na mwenzake wakiwa na machela. "Tuliambiwa kumi na nne. Wako wapi?"

"Hakuna," Sista Wairimu akasema. "Pole sana, boss. Walikunywa chai."

"Na mgonjwa hayuko kabisa?"

"Yuko mmoja, huyu." Akaniuliza tena yale maswali ya kliniki, kifua, kuzirai, pumzi nikikaa, akaniangalia mdomo, akaniambia niinue mikono yote miwili. "Lakini huyu si wa king'ora. Nyinyi rudini, msije mkakosekana kwa mtu anayewahitaji. Huyu ataenda Nakuru kesho mapema kwa gari la kawaida, na leo hapandi kilima, na mimi nitalala hapa hapa. Kitu kikibadilika nitawaita mwenyewe."

Wale vijana walirudi na machela yao tupu, na mmoja aliomba andazi.

Asubuhi nilidhani nitaenda na Sista. Nilipotoka nje nikamkuta Nyambura amevaa lile koti lake, ameshika barua ameshaikung'uta unga wote. Hakunisalimia. Alinishika mkono tukipanda kilima polepole kwenye utelezi, na kila nikisimama kupumua alisimama. Nilijaribu kusema samahani karibu mara nne na kila mara nikaishia kusifu hali ya hewa.

Nakuru wakanilaza, wakanibandika vitu kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye milima isiyofuatana. Daktari, mama wa makamo, akanieleza yale yale aliyonieleza Sista, akaniandikia dawa ya kuutuliza moyo na ya kuzuia damu isigande, akasema nimefika kwa wakati lakini ningeendelea kungoja asingeniahidi kitu. Halafu akafungua faili yangu.

"Nani atakuwa anakukumbusha dawa? Huyu ni nani wako?"

Nikafungua mdomo niseme ni binti yangu, lakini Nyambura aliwahi.

"Mimi ni yule wa sumu," akasema, na uso wake hauna hata tabasamu.

Kalamu ya daktari ikasimama. Ikabidi nimweleze, kuanzia chupa mpaka thamosi, mbele ya nesi na wanafunzi wawili, na walipokuwa wamejiinamia kwa kicheko nilimgeukia Nyambura nikamwambia hapo hapo, "Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea vibaya." Alitazama ukuta kidogo. Halafu akamwambia daktari, "Andika Nyambura. Nitamkumbusha."

Kusamehewa bado sijui kama nimesamehewa. Ananipa dawa asubuhi na jioni, anangoja nimeze, anaondoka, na mimi sasa siulizi anafikiria nini. Nimeapa mambo mawili. La kwanza, mkono wa mtu sitaushika tena isipokuwa kwa salamu, na Mama Pasta hunipa vidole viwili tu. La pili ni zito zaidi: siku moyo huu ukinichezea tena, mtu wa kwanza kumwambia ni Nyambura, hata kama siku hiyo ndiye ninayemshuku.